Viti vya kinyozi, meza namba 861 au korido ndefu: tukio lipi likufundishe kupanga ukubwa na udogo kwenye vichekesho?

Mtu akitaka kutengeneza filamu fupi ya vichekesho kuhusu mkubwa na mdogo, yaani bosi na karani, mwenye nyumba na mpangaji, afisa na raia mwenye fomu mkononi, mara nyingi huanzia kwenye maneno. Anaandika majibizano, anatafuta mwigizaji mwenye ulimi mwepesi, anafika lokesheni, anawakalisha wote wawili kwenye kochi na kuwasha kamera. Matokeo yake tumeyaona sana YouTube: watu wanaongea mfululizo, na ukizima sauti huwezi kujua nani anamwogopa nani.

Kuzima sauti ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Tukio lililopangwa vizuri linabaki na ukubwa na udogo wake hata likiwa bubu. Unaona nani kakaa na nani kaachwa amesimama, nani anamfuata nani, nani anasubirishwa, nani ana ruhusa ya kukatiza katikati ya chumba. Kwenye vichekesho unaona na jambo la ziada: mahali alipowekwa mtu hapalingani na cheo chake. Mkubwa yuko chini, mdogo yuko juu. Mwenye nyumba yuko nje, wageni wako ndani. Kicheko kinatokea kwenye pengo hilo, na pengo hilo halihitaji mstari hata mmoja wa maneno.

Filamu tatu ninazozirudia ninapozungumza na wanaoanza kuongoza ni The Great Dictator ya Charlie Chaplin (1940), The Apartment ya Billy Wilder (1960) na Playtime ya Jacques Tati (1967). Hazifanani hata kidogo, na ndiyo maana zinafaa kuwekwa pamoja. Chaplin anashika kimo na milango. Wilder anashika ndani na nje, pamoja na wingi wa watu. Tati anashika umbali na muda. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: mwenye chumba kimoja na waigizaji wawili aanze na Chaplin, ila asianze na viti vya kinyozi ambavyo kila mtu anavisifu. Aanze na tukio la ofisini linalotangulia.

Chaplin: mpango unaotangazwa, kisha unaovunjwa

Chaplin ana nafasi mbili katika filamu hii: kinyozi Myahudi, na Adenoid Hynkel, dikteta wa nchi ya kubuni iitwayo Tomainia, ambaye ni Hitler bila kificho. Jack Oakie anacheza Benzino Napaloni, dikteta wa nchi ya Bacteria, na huyo ni Mussolini. Napaloni anakuja ziara, na kila mmoja anataka mwenzake atoke kwenye ziara hiyo akijiona mdogo.

Tukio maarufu ni lile la viti. Madikteta wawili wamekaa bega kwa bega kwenye chumba cha kinyozi ndani ya jumba la Hynkel, kila mmoja na shuka yake shingoni. Viti vina wenzo wa kupandishia. Mmoja anajipandisha kidogo, apate kumtazama mwenzake kutoka juu. Mwenzake anagundua, naye anavuta wenzo wake. Mazungumzo yanaendelea kwa adabu, uso wa kila mmoja umetulia, ila mikono iko kazini, na viti vinazidi kupanda mpaka dari linakaribia. Kisha kiti cha Hynkel kinaporomoka.

Ukilitazama tukio hili kwa jicho la fundi, cha kwanza kukuvutia ni vitu ambavyo Chaplin hakuvifanya. Kamera hailali chini kumtukuza mmoja wala haipandi juu kumdharau mwingine. Inatazama usawa, na wote wawili wamo ndani ya fremu moja. Ni lazima iwe hivyo. Mtazamaji anacheka kwa kulinganisha vimo viwili, na hawezi kulinganisha asichokiona kwa wakati mmoja. Ukionyesha shoti ya huyu peke yake, kisha shoti ya yule peke yake, umemnyang'anya kazi ya kupima kwa macho yake, na kazi hiyo ndiyo tamu yenyewe. Waongozaji wengi chipukizi huua vichekesho vyao hapa: wanarekodi kila sura peke yake kwa karibu, wakidhani uso ndio unaochekesha, kumbe kinachochekesha ni nafasi iliyo kati ya nyuso mbili.

Hata hivyo viti vya kinyozi vina upungufu kama somo. Ni mashindano ya watu wa hadhi moja. Hakuna aliye chini ya mwenzake kwa kweli, kwa hiyo hakuna hatari. Vinakufundisha mstari mmoja tu, wa kwenda juu na kushuka chini. Hadithi yako ikiwa ni ya mtu anayeweza kumfukuza mwenzake kazi au kumtoa nyumbani, mashindano ya vimo hayatakutosha.

Kwa hiyo rudi nyuma kidogo kwenye filamu, uende ofisini. Garbitsch, mshauri wa Hynkel, anampanga bosi wake kabla mgeni hajaingia, na anamweleza mpango wazi kabisa. Napaloni ataingia kwa mlango wa mbali, ili alazimike kuukatiza ukumbi mzima huku akitazamwa. Atakalishwa kwenye kiti kifupi kando ya meza, awe anamwinulia macho Hynkel muda wote. Sanamu ya kichwa cha Hynkel itakuwa jirani yake, iendelee kumkodolea hata Hynkel mwenyewe akipumzika. Haya yote mtazamaji anayasikia. Anakabidhiwa ramani ya ukubwa: mlango, umbali, kiti, sanamu. Hynkel anajipanga mezani, anatafuta pozi, anausubiri mlango wa mbali ufunguke.

Napaloni anaingia kwa mlango mwingine, nyuma ya Hynkel, na kumpiga kofi la mgongoni la kirafiki lililojaa nguvu. Kiti kifupi anakijaribu, anakiona hakifai, anahamia juu ya meza. Mpango mzima umekwisha.

Hapo nauona ubora wa tukio hili kuliko viti. Napaloni hakupambana na mpango. Hakujua kama upo. Angeingia kwa mlango wa mbali akakataa kukaa kwenye kiti kifupi, tungepata ugomvi wa watu wawili wenye kiburi. Yeye ameuvunja kwa kutokuwa na habari nao, jambo linalomuumiza Hynkel mara mbili, maana hawezi hata kulalamika. Atalalamika vipi? Amwambie mgeni wake kwamba ulitakiwa uingie kule ili nikudhalilishe? Mwandishi wa vichekesho akilishika jambo hili moja tu, kwamba anayevunja utaratibu bila kuujua huchekesha kuliko anayeuasi, amepata kitu cha kutumia maisha yake yote.

Filamu hiyo ina masomo mengine madogo ya mwendo. Hynkel ana chumba ambamo mchoraji na mchongaji wanamsubiri wamtengenezee sura, na yeye anaingia mbiombio, anaweka pozi kwa sekunde chache, anatoka mbiombio. Dikteta anayekimbia ndani ya jumba lake mwenyewe amekwisha kupungua, kwa sababu mwenye uwezo halisi ndiye anayesubiriwa. Stesheni nako, treni ya Napaloni inashindwa kusimama sawasawa na zulia jekundu: inasogea mbele, inarudi nyuma, na watu wa itifaki wanakimbizana na zulia. Hapo zulia, ambalo kazi yake ni kumwonyesha mkubwa apite wapi, limegeuka kuwa kitu kinachomkimbiza kila mtu.

Wakenya waliokua wakitazama Vioja Mahakamani, vichekesho vya runinga vya KBC, wanaufahamu upande wa pili wa hesabu hii. Mahakamani nafasi hazibadiliki: hakimu mbele, mshtakiwa kizimbani, karani mahali pake. Kwa kuwa vyeo vimepigiliwa misumari sakafuni, kicheko kinalazimika kutoka mdomoni, kwenye jibu la mshtakiwa lisiloendana na heshima ya mahali. Njia hiyo inafaa, lakini inataka waandishi na waigizaji wa maneno waliokomaa. Ofisi ya Hynkel inataka milango miwili, viti viwili visivyolingana kimo, na waigizaji wawili wanaoijua miili yao. Hilo la mwisho si dogo. Chaplin alikulia kwenye majukwaa ya vichekesho ya Uingereza tangu utotoni, na hata anapokaa tu kitini unaona amepima mgongo wake uko wapi.

Wilder: mwenye chumba yuko barabarani

Filamu ya The Apartment inaanza kwa hesabu. C. C. Baxter, aliyechezwa na Jack Lemmon, anatueleza kwamba kampuni yake ya bima mjini New York ina wafanyakazi 31,259 makao makuu, kwamba yeye yuko ghorofa ya 19, meza namba 861, na kwamba kila ghorofa inatoka kazini kwa muda wake ili lifti 16 ziweze kuwabeba watu wote. Anapoyasema hayo tunaona ukumbi wenye safu za meza zinazokwenda nyuma mpaka macho yanachoka, na taa za dari zikizifuata safu hizo moja kwa moja. Baxter ni nukta moja kati yao.

Ukumbi huo haukuwa mkubwa kama unavyoonekana. Msanifu wa seti, Alexandre Trauner, alizipunguza meza ukubwa kadiri zilivyoelekea nyuma, na huko nyuma wakawekwa watu wenye miili midogo, hivyo jicho likadhani ni umbali. Nalitaja kwa ajili ya yeyote anayedhani kumwonyesha mtu akiwa mdogo mbele ya taasisi kunahitaji jengo kubwa. Kunahitaji mistari inayokimbilia nyuma na mtu aliyewekwa mahali asipoweza kutofautishwa na wenzake. Kazi hiyo ilipata Oscar ya usanifu wa seti, moja ya Oscar tano ilizotwaa filamu hiyo.

Ila kiini cha filamu hakiko ofisini. Baxter anawapa mabosi wake ufunguo wa chumba anachopanga, wapeleke wanawake wa nje, nao wanamwahidi kupandishwa cheo. Kwa hiyo kuna usiku anasimama kwenye baridi nje ya jengo analolipia kodi yeye mwenyewe, akitazama dirisha lake lililowaka taa, akingoja mkubwa amalize. Usiku mwingine anatolewa kitandani kwa simu na kwenda kukaa kwenye benchi la bustani. Ukizima sauti bado unaelewa. Mwenye mahali yuko nje, asiye na mahali yuko ndani. Sijui picha nyingine ya vichekesho inayoonyesha unyonge wa mfanyakazi kwa uwazi namna hii, na uchungu wake hauondoki hata unapocheka.

Halafu Baxter anaanza kupanda. Anapata ofisi yake ndogo yenye vioo palepale ghorofa ya 19, baadaye anahamia ghorofa ya 27, jirani na Sheldrake, mkubwa aliyechezwa na Fred MacMurray. Lifti inakuwa ngazi ya vyeo inayoonekana kwa macho, na anayeiendesha ni Fran Kubelik, aliyechezwa na Shirley MacLaine: mtu anayewapandisha wote na yeye mwenyewe habaki ghorofa yoyote. Ukubwa unapimwa pia kwa funguo. Baxter ana ufunguo wa chumba chake anaowaazima wengine, na baadaye anapewa ufunguo wa choo cha wakubwa. Mwisho, Sheldrake anapoutaka tena ule wa chumba, Baxter anamwekea mezani ufunguo wa choo na kuacha kazi. Mtu ameukataa ukubwa kwa kuchagua ni mlango gani hataufungua tena.

Mwendo ndani ya ofisi ya Sheldrake nao utazame kwa makini. Baxter ana mafua. Ameitwa juu, anadhani ni habari njema ya cheo, kumbe Sheldrake anachimba habari za ule ufunguo. Chumba ni kikubwa, meza ni pana, na mdogo amesimama na dawa yake ya pua mkononi. Katika mshtuko anaiminya, na dawa inaruka kuvuka meza ya bosi. Sekunde moja tu, lakini ni kitu pekee cha Baxter kilichothubutu kuvuka ile meza, na kimevuka bila idhini yake.

Udhaifu wa Wilder kama mwalimu ni kwamba karibu kila kitu kimesukwa na skripti. Dirisha lenye taa lina maana kwa sababu tumekwisha kuelezwa habari ya ufunguo. Ukichukua picha ya mtu aliyesimama nje peke yake, bila maandalizi, utapata mtu aliyesimama nje tu. Anayetengeneza klipu ya dakika mbili hana muda wa maandalizi hayo. Anayetengeneza filamu ya dakika 20 na kuendelea, au mfululizo wenye vipindi, hapa ndipo penye hazina.

Tati: umbali unaosikika

Tati alijenga mji mzima wa kuigizia nje kidogo ya Paris, wenye majengo ya vioo na chuma, akarekodi kwa filamu pana ya milimita 70, na madeni ya kazi hiyo yakamfilisi. Matokeo yake ni filamu ambayo karibu haina shoti ya karibu. Kamera inakaa mbali na kumwachia mtazamaji achague pa kutazama.

Tukio la kusoma ni la Bwana Hulot, aliyechezwa na Tati mwenyewe, anapokwenda kwenye jengo la ofisi kumwona Bwana Giffard. Bawabu mzee anahangaika na ubao wa vitufe, kisha anamkalisha. Hatua za viatu zinasikika. Hulot anainuka, maana kwa masikio yake mtu amekwisha kufika. Bawabu anamwonyesha akae. Giffard ndiyo kwanza ametokea ncha ya mbali ya korido ndefu, mdogo kama kidole, na anakuja. Anakuja. Hatua zinaendelea, Hulot anataka kuinuka tena, bawabu anamzuia. Hadi Giffard afike, mgeni amekwisha kuwa mdogo bila mtu yeyote kumwambia neno baya.

Tazama jinsi hesabu ya Chaplin ilivyogeuzwa. Garbitsch alitaka mgeni ndiye atembee ukumbi mzima akitazamwa, ajione mnyonge. Kwa Tati mwenyeji ndiye anayetembea, na bado mgeni ndiye anayepungua, kwa sababu anayetembea ndiye mwenye muda na anayesubiri hana. Nawasihi wanaoongoza walifikirie hili sana. Hakuna sheria kwamba anayetembea ni mdogo, au aliyekaa ni mkubwa, au aliye juu ndiye bosi. Mkubwa ni yule ambaye mwendo wake unaamua mwendo wa mwenzake. Hulot anainuka na kukaa kwa amri ya viatu vya mtu ambaye bado hajamwona.

Baadaye Hulot anaachwa kwenye chumba cha kusubiria chenye kuta za vioo, viti vinavyotoa pumzi ukikaa, na picha za wazee wa kampuni zikimtazama kutoka ukutani. Kisha anatazama kutoka juu ukumbi ambamo makarani wamefungiwa ndani ya visanduku vilivyopangwa kama mitaa. Humo mtu mmoja anapiga simu kuuliza taarifa, na anayeipokea inabidi atembee mwendo mzima hadi kwenye kabati lililo ubavuni mwa kisanduku cha mpigaji, asome, arudi alikotoka, ndipo ajibu kwa simu. Wametenganishwa na ubao mwembamba tu. Chumba chenyewe ndicho bosi wa wote wawili.

Anayejifunza kwa Tati anajifunza subira, na sauti. Viatu, mlango, kiti: kila kimoja kina cheo. Lakini ni mwalimu mgumu. Mtazamaji aliyezoea klipu za haraka atakuacha kabla Giffard hajafika katikati ya korido.

Kodi ya nyumba, mara tatu

Tuchukue hadithi moja tuipitishe kwa wote watatu. Mwenye nyumba amekuja kudai kodi, mpangaji hana. Lokesheni ni nyumba ya Kiswahili ya aina inayojulikana Kariakoo na Magomeni: baraza mbele, korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma.

Kwa njia ya Chaplin, mpangaji anampanga mkewe mapema. "Akipiga hodi, usimfungulie haraka. Mkaribishe kwenye kigoda, mimi nakaa kwenye kochi, miguu juu. Atanisemesha akiwa chini." Kigoda kinawekwa, kochi linasogezwa likabili mlango wa korido, mpangaji anakohoa, anakunja nne. Mwenye nyumba anaingia kupitia dirishani? Hapana, hiyo ni nguvu ya bure. Anatokea uani, mahali ambapo kila mwenye nyumba ana haki ya kupita, akiwa na ndoo mkononi kwa sababu alikuja kukagua bomba, na anakaa kwenye ukingo wa kochi lilelile, karibu sana, akisukuma miguu ya mpangaji ikashuka chini. Daftari la kodi analiweka juu ya kigoda. Kigoda kimepata kazi yake, na wote wawili sasa wanakiinamia.

Kwa njia ya Wilder, mpangaji amekubali deni lifutwe kwa kumwachia mwenye nyumba chumba kila Jumamosi jioni, na hakuna anayetakiwa kujua kwa nini. Kwa hiyo kila Jumamosi yuko barazani na kandambili, anawaamkia wapita njia, anajifanya anapunga upepo. Mvua inaanza. Majirani wanaingia ndani mmoja mmoja, kila mmoja akimuuliza haingii kwake. Kicheko na aibu vinakua kwa kurudia, na tukio la nne ndilo linalouma.

Kwa njia ya Tati, kamera iko uani, imetulia, inatazama korido nzima hadi mlango wa mbele. Chumba cha mpangaji ni cha mwisho. Viatu vya mwenye nyumba vinasikika: viwili, vitatu, vinasimama kwenye mlango wa kwanza. Hodi. Kimya. Viatu tena. Mpangaji anachungulia, anarudi ndani, anatoka na ufagio, anarudi. Kila mlango unaopitwa, mwili wake unabadilika. Ukiingiza hata shoti moja ya karibu ya uso wake umeharibu, kwa sababu uoga wenyewe ni ule umbali unaopungua.

Kati ya hizo tatu, ya kwanza inarekodiwa kwa siku moja na watu watatu. Ya pili inahitaji siku kadhaa, mvua, majirani, na mwandishi anayejua kuficha jambo. Ya tatu inarekodiwa kwa asubuhi moja, ila mazoezi yake ni marefu kuliko zote, kwani makosa hayawezi kuzibwa kwenye uhariri.

Uchague lipi

Kama una mwigizaji mwenye mwili unaozungumza, nenda kwa Chaplin bila kusita, na kabla ya kurekodi mruhusu mhusika mmoja atamke mpango wake wa kumdhalilisha mwenzake. Kama nguvu yako iko kwenye kuandika na una muda wa kutosha wa hadithi, Wilder. Kama una jengo lenye korido, ngazi au foleni ya kweli, na mtu wa sauti anayejua kurekodi hatua za viatu, basi Tati. Foleni ya hospitali au ya ofisi ya ardhi ni Playtime tayari, inasubiri tu mtu wa kuiweka kamera mbali.

Jambo la mwisho ni umbo la skrini, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha rekodi. Wilder na Tati walifanyia kazi picha pana: safu za meza na urefu wa ukumbi vinahitaji upana huo. Picha ya Chaplin inakaribia mraba. Ukirekodi kwa simu iliyosimama wima, kwa ajili ya watu watakaoitazama kiganjani, pande zote mbili za fremu zimekatwa, na vikundi au majirani waliopangwa kwa ulalo hawatoshi tena. Kilichobaki ni kimo, na kina cha korido ukisimama sawasawa na mstari wake. Kwa simu ya wima, rudisha viti vya kinyozi nilivyovipunguzia alama: watu wawili waliobanana, mmoja juu kidogo ya mwenzake, wanaijaza fremu hiyo vizuri kabisa. Anza na kreti za soda badala ya wenzo. Kila mmoja aongeze yake kwa siri huku akiuliza habari za watoto, na kamera iwe usawa wa kifua cha yule wa chini.